Walikuwa wanatafuta sukari, kamera ikawaonyesha mtoto akipigwa

BARUA

Shikamoo Mwalimu,

Safu yako naisoma kila wiki, na sikudhani siku moja nitaandika mimi.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nakaa Kilifi, nina kibanda cha kushona nguo. Mwanangu wa kwanza yuko Kidato cha Tatu katika shule ya bweni ya wavulana, shule ya serikali, ambayo jina lake naomba tuliache. Mwaka jana wazazi walinichagua kwenye kamati, na kwa kuwa nina hati nzuri nikapewa ukatibu. Ndiyo maana kalamu iko mkononi mwangu, na ndiyo maana silali.

Shule ina kamera nne zilizofungwa kwa pesa za wazazi: langoni, mlangoni mwa bohari, jikoni, na kwenye ujia unaoelekea ngazi za bweni. Skrini iko afisini kwa naibu wa mwalimu mkuu, juu ya kabati, karibu na vikombe vya michezo. Nimeiona. Imegawika miraba minne na ule wa jikoni ni buluu tupu, maana waya uliliwa na panya.

Muhula uliopita, usiku mmoja baada ya prepu, wavulana watatu wa Kidato cha Nne walimkamata mtoto mgeni, hawa wanaowaita "mono", wakamweka pale penye ngazi. Walimpigisha magoti wakamtwisha ndoo ya maji kichwani. Kila maji yakimwagika, kofi. Dakika kumi na moja. Najua ni kumi na moja kwa sababu saa imeandikwa chini ya picha. Mwalimu wa zamu alikuwa chumba cha walimu anasahihisha. Hakuna aliyeona, na mtoto hakusema.

Siku ya tatu ikapotea sukari ya chai, magunia mawili. Naibu akakaa na mlinzi wakirudisha picha nyuma kumtafuta mwizi. Walikuwa wanatafuta sukari, Mwalimu. Mtoto walimwona kwa bahati tu.

Naibu akairekodi ile skrini kwa simu yake, akaituma kwenye kundi letu la WhatsApp la kamati "ili wazazi waone nidhamu ilivyoshuka". Kabla ya magharibi ilikuwa imefika Malindi. Wale watatu wakarudishwa nyumbani wiki mbili. Mwalimu wa zamu alipoulizwa mbele ya kamati akasema: "Tangu kamera zije sikuwa nazunguka sana upande ule, nilijua panaonekana." Hakuyasema kwa kiburi. Mzee mmoja aliyeketi nyuma akauliza, "Panaonekana na nani?" Watu wakacheka, ikapita.

Jumamosi iliyopita tukaitwa mkutano ukumbi wa kulia chakula, bati juu, jasho mgongoni. Akaletwa kijana wa kampuni, tai shingoni. Wanataka kamera 40 zaidi: madarasani, kwenye varanda za bafu ("mlangoni tu, si ndani") na ndani ya mabweni yote. Kila mzazi shilingi 3,000, na watoto ni 800. Mzazi mmoja akasimama akataja moto wa bweni la shule ya Endarasha, uliowaua watoto 21. Ukumbi ukanyamaza. Baada ya hapo aliyeuliza bei alionekana hana huruma. Mikono ikapanda. Ijumaa ijayo zinatakiwa sahihi tatu: ya mwenyekiti, ya mweka hazina, na yangu.

Baba watoto yuko Doha, ni mlinzi katika jumba kubwa la maduka, na kazi yake ni chumba cha kamera. Yeye anasema nitie sahihi jana. "Kamera haisemi uongo. Hapa kwetu mtu akiangusha pochi tunajua ilipo." Ananiambia wanakaa wawili mbele ya skrini, kila saa wanabadilishana kwa sababu macho yanakufa, kila wanachokiona wanakiandika kitabuni, na chini kuna wenzao wanne wenye redio, neno moja tu wanakimbia. Ananiona nimekuwa mshamba. Tumegombana kwa simu mara tatu, na mara ya mwisho alikata.

Mwanangu naye. Siku ya kuzuru alikula pilau yake kimya, akafuta mikono, akasema: "Mama, usitie sahihi. Pale bwenini ndipo tunapovalia." Nikamwambia ni kwa usalama wenu. Akasema, "Wanaopiga wanajua kamera zinaangalia wapi. Kila mtu anajua."

Na kuna jambo sijamwambia mtu. Ile video nami niliituma. Nilimtumia dada yangu Mombasa nikaandika, "Hebu ona watoto wa siku hizi." Uso wa yule mtoto unaonekana waziwazi. Mamake anauza samaki wa kukaanga, si mbali na kibanda changu. Alionyeshwa na mteja. Mtoto hadi leo yuko nyumbani, hataki kurudi shule. Mimi siku hizi napita njia ya nyuma.

Nitie sahihi au nisitie?

Katibu, Kilifi

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilishika kalamu nikapigia mstari maneno mawili: "nilijua panaonekana". Nimefundisha miaka 29, kumi na saba kati ya hiyo nikiwa mwalimu wa bweni, na yule mwalimu wa zamu simsamehi lakini namwelewa. Kabla ya kamera, ujia ule ulikuwa wake. Akipita na tochi saa tatu na nusu usiku, ngazi zina mwenyewe. Kamera ilipofungwa, naibu akadhani mwalimu bado anazunguka, mwalimu akadhani naibu anaangalia, na naibu alishafunga afisi zamani akaenda kwake. Skrini ikabaki inawaka peke yake juu ya kabati, na vikombe. Kwenye karatasi ngazi zile zilikuwa na walinzi wawili. Usiku ule hapakuwa na hata mmoja.

Mumeo ndiye aliyekupa hoja nzito kuliko zote katika barua hii, ila hajaisikia mwenyewe. Hebu irudie kazi yake polepole. Watu wawili wanalipwa kuangalia. Wanabadilishana kila saa kwa sababu mwajiri anajua jicho la binadamu huchoka. Kuna kitabu. Kuna wanne chini wenye miguu na redio. Ukiondoa hao sita na kile kitabu, pale Doha kunabaki vioo vya kurekodi watu wakiibiwa. Shule yenu ilinunua vioo. Sasa inataka vingine 40, na katika barua yako nzima sijaona mahali palipotajwa mtu hata mmoja atakayekaa mbele yake.

Mei 2022, katika mji wa Uvalde, Texas, mtu mwenye bunduki aliingia shule ya msingi akaua watoto 19 na walimu wawili. Kamera ya ujia ilikuwepo na ilifanya kazi yake barabara. Iliwarekodi askari waliojaa pale nje ya madarasa, wenye silaha na ngao, wakisubiri. Dakika 77 zilipita tangu yule mtu aingie hadi walipomfikia. Hakuna aliyeweza kusema hapakuonekana.

Wacha nikueleze kidogo kazi ya kuzunguka, kwa sababu naona hata walimu vijana wanaiona kama adhabu. Bweni lina harufu yake: sabuni ya mche, soksi, mafuta ya kujipaka. Ukiingia usiku ukapata harufu isiyo ya pale, mafuta ya taa au petroli au sigara, pua imeshakuambia kabla ya macho. Lina na kelele zake. Watoto sitini waliolala hawanyamazi. Kuna anayekoroma, kuna anayesaga meno, kuna anayemwita mamake ndotoni. Nikiingia nikakuta kimya kabisa najua watu wako macho na kuna jambo. Usiku wa namna hiyo sikuwa nauliza kitu. Nilikuwa nakaa juu ya sanduku la bati la mtoto yeyote, nazima tochi, nasubiri. Robo saa hivi mtu anaanza kulia, au mtu anasema, "Mwalimu, kuna kitu chini ya kitanda cha fulani." Kamera haina pua, na hakuna mtoto atakayeinua kichwa usiku wa manane aiambie kamera kwamba anaogopa kwenda chooni.

Hata hivyo usinichukue kama adui wa kamera. Nina deni langu. Miaka ya tisini, shule niliyokuwa, pesa za duka la shule zilipotea, na mvulana mmoja aliyeonekana karibu na dirisha akafukuzwa. Mimi nilikaa kwenye kikao kile na sikusema neno. Mwaka wa pili yake ikajulikana aliyekuwa anachota ni mtunza bohari. Kijana alikuwa ameshaacha masomo. Kama pangekuwa na kamera mlangoni mwa duka lile, ingemtetea yeye kuliko sisi watu wazima tulivyomtetea. Na tuseme kweli, kiboko kilipigwa marufuku na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, lakini sote tunajua shule ambazo bado kinalia. Mwalimu anayejua anarekodiwa atafikiri mara mbili. Kwa hiyo lango, bohari, duka, maabara, ujia, na hata zile ngazi, sina ugomvi, mradi pawe na mtu. (Na huo waya wa jikoni urekebishwe kwanza! Anayeshindwa kutunza kamera nne unampaje arobaini?)

Bwenini, hapana. Mwanao kasema kwa maneno machache kuliko wakili: pale ndipo wanapovalia. Mvulana wa miaka kumi na sita anaishi bwenini miezi tisa kwa mwaka. Hana chumba kingine, hana pazia, godoro lake ndiyo nyumba yake. Katiba yetu katika kifungu cha 31 inalinda faragha ya kila mtu na haikusema isipokuwa mwanafunzi, na kifungu cha 53 kinasema maslahi ya mtoto yatangulie katika kila jambo linalomhusu. Varanda ya bafu ni hivyohivyo. "Mlangoni tu" maana yake ni watoto wenye taulo kiunoni, asubuhi na jioni, kila siku ya muhula, wamehifadhiwa ndani ya kisanduku cha kurekodia picha ambacho hujui nenosiri lake analo nani. Umeshaona mwenyewe picha za kisanduku kile zinavyosafiri. Zilitoka afisini mchana, na magharibi haijaingia ziko Malindi. Fikiria zingekuwa za bafuni.

Hapo sheria iko wazi zaidi kuliko kamati yenu inavyodhani. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu picha ya mtoto kuwa taarifa yake binafsi, na inataka idhini ya mzazi au mlezi na iwe kwa manufaa ya mtoto. Mikono iliyopanda ukumbini haikuwa idhini ya kila mzazi juu ya mwanawe. Sheria hiyo pia inataka tathmini ya athari ifanywe kabla ya kuanza jambo linaloweza kuhatarisha haki za watu, na shule zimo katika orodha ya wanaotakiwa kujisajili kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data. Mwulize kijana wa tai kama tathmini hiyo anayo. Mnamo Septemba 2023 shule moja ya Uthiru, Nairobi, ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Kosa la naibu wenu, video ya mtoto akiteswa, unaweza kulipima mwenyewe.

Sasa moto, kwa sababu najua Ijumaa utatajwa tena na ukumbi utanyamaza tena. Wewe usinyamaze. Kyanguli, Machakos, Machi 2001: wavulana 67 walikufa, mlango mmoja umefungwa, madirisha yana vyuma. Moi Girls Nairobi, Septemba 2017: wasichana kumi. Endarasha, Nyeri, Septemba 2024: wavulana 21. Mimi nilikuwa mwalimu wa bweni asubuhi ile habari za Kyanguli zilipofika; nilikwenda moja kwa moja kwenye bweni langu nikakuta kufuli upande wa nje, funguo kwa mlinzi, mlinzi kaenda kunywa chai. Nililivunja kwa jiwe. Nilikatwa mshahara kwa ajili ya kufuli.

Moshi ukijaa bwenini kamera huona kijivu, na umeme ukikatika haioni hata hicho. Mtoto anaokolewa na mlango. Serikali ilitoa mwongozo wa usalama wa shule mwaka 2008, na sidhani kama kuna nakala yake pale kwenu, lakini mambo yake makuu ni mepesi: mlango wa bweni uwe na upana wa futi tano angalau na ufunguke kwa nje, usifungwe kwa nje watoto wakiwa ndani, madirisha yasiwe na vyuma, vitanda viachane mita 1.2, na pawe na mlango wa dharura. Wewe ni fundi wa nguo. Utepe wako una sentimita 150, na kutoka kitanda hadi kitanda zinatakiwa 120. Kabla ya Ijumaa nenda shuleni, omba kuingia mabwenini kama katibu wa kamati, na upime. Andika namba. Sukuma kila dirisha kwa mkono wako uone linafunguka. Ukija mkutanoni na namba hizo, mtu akitaja Endarasha utakuwa na la kumjibu.

Pesa sitakaa nazo sana. Watoto 800 mara 3,000 ni shilingi milioni 2.4. Kwa ile Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, shule ya umma haitozi ada ya namna hii bila idhini ya waziri akishauriana na bodi ya elimu ya kaunti, na mtoto hafukuzwi kwa sababu mzazi wake hakulipa. Omba uone barua ya idhini. Kama haipo, mazungumzo ya sahihi yamekwisha kabla hayajaanza.

Na sahihi yako? Karatasi ile ilivyo, usiitie. Lakini kukataa peke yake hakutoshi, na hapa nina neno na wewe kama katibu. Yule mzee wa nyuma aliuliza swali moja la maana kuliko yote: "Panaonekana na nani?" Je, uliliandika kwenye kumbukumbu za mkutano? Naona kama hukuliandika, kwa sababu watu walicheka. Ijumaa kumbukumbu zitasomwa kabla ya ajenda. Simama wewe mwenyewe useme kuna swali lilirukwa, liingizwe, na lijibiwe kwa cheo cha mtu. Nani anakaa mbele ya skrini kuanzia prepu hadi taa zizimwe. Akiona jambo anampigia nani, na huyo anafika ngazini baada ya dakika ngapi. Nani ana nenosiri. Picha zinakaa siku ngapi, maana kile kisanduku kikijaa hufuta za zamani. Sukari ingepotea mwezi mmoja baadaye, zile dakika kumi na moja zingekuwa zimekwenda. Mwalimu wa zamu arudi kuzunguka na atie sahihi kitabuni kila baada ya saa, kama wanavyoandika kule Doha. Na iandikwe kwamba kamera haimwondolei zamu.

Wakijibu hayo yote, wakaondoa bweni na bafu, na barua ya idhini ikaonekana, tia sahihi moyo ukiwa mweupe. Wasipojibu, watapiga kura na huenda ukashindwa. Basi andika kilichoamuliwa, ndiyo kazi ya katibu, na chini yake uandike kwamba ulipinga, kwa sababu zifuatazo, na tarehe.

Mumeo mpigie wewe kwanza. Usianze na kamera, anza na kazi yake. Mwambie akueleze zamu yake kuanzia anapovua viatu hadi anapokabidhi kitabu, na wewe uandike, halafu mwulize: nikitaka shule yetu iwe hivyo, tunahitaji watu wangapi? Mtu aliye mbali na wanawe, asiyeweza kufika hata mwanawe akiugua, nadhani anapenda kamera kwa sababu ndicho kitu pekee anachoweza kukifanya kutoka kule. Mpe kingine. Yale maswali ya Ijumaa ayatunge yeye. Anaijua kazi kuliko kijana wa tai.

Mwanao alikuambia mambo mawili na ulilishika moja. "Wanaopiga wanajua kamera zinaangalia wapi." Kwa hiyo anajua wanapopigia sasa. Siku ya kuzuru ijayo usimwulize nani anapiga, hatasema. Mwulize ni wapi pale shuleni yeye hapendi kupita peke yake. Kisha mwambie mwalimu mkuu mahali hapo bila kutaja mtoto. Na wale watatu wa Kidato cha Nne, wiki mbili zao zilikwishaje? Walirudi wakaketi na nani? Ningetaka kamati iulize na hilo pia, maana mtu hujifunza kumtwisha mwenziwe ndoo kutoka kwa aliyemtwisha yeye.

Imebaki video. Ifute sasa hivi, kabla hujamaliza kusoma. Mpigie dadako, usimwandikie, aifute na akuambie amemtumia nani. Haitakusanyika yote, lakini iliyopita mikononi mwako ni yako. Wazee walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Wewe uliubeba hadi Mombasa na hukusikia uzito, hadi ulipokutana na mwenyewe njiani ukaanza kuchepuka.

Acha kuchepuka. Nenda jioni, samaki wakishaisha na wateja wametawanyika. Usiende na mwenyekiti wala barua ya kamati. Mwambie kwamba wewe ni mmoja wa walioituma na kwamba umekuja kuomba radhi. Akikufokea, kaa. Mwulize mtoto analala vipi. Huenda mama huyo hajui kwamba anaweza kulalamika kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data, na kwamba lalamiko hilo linatakiwa liamuliwe ndani ya siku 90. Huenda hajui kwamba kupiga mtoto ni jambo la polisi pia, si la kurudishwa nyumbani wiki mbili tu. Mweleze, na usimsukume. Akitaka kulalamika, barua mwandikie wewe. Una hati nzuri.